Esposito: jina moja la ukoo, waanzilishi wengi

Katika orodha za majina ya ukoo yenye watu wengi zaidi nchini Italia, Rossi hutangulia, Russo na Ferrari hufuata, na Esposito huja karibu nyuma yao. Majina hayo matatu ya mwanzo hayana fumbo kubwa. Rossi na Russo yalianza kama lakabu za watu wenye nywele nyekundu au uso mwekundu, la kwanza kwa matamshi ya kaskazini na kati ya nchi, la pili kwa matamshi ya kusini. Ferrari ni jina la wahunzi. Kwa kuwa hakuna mji uliokosa mhunzi, wala kijiji kilichokosa mtu mwekundu, si ajabu kwamba majina hayo yalizuka mahali pengi bila watu wake kujuana. Esposito ni kisa kingine. Halimtaji mzee aliyeanzisha ukoo, wala kazi yake, wala sura yake, wala kijiji alikotoka. Linataja jambo alilotendewa mtu akiwa mchanga, na chimbuko lake kubwa ni mji mmoja.

Mji huo ni Napoli. Humo Esposito ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote, na hata nje ya mji, katika sehemu nyingine za jimbo la Campania, linaonekana kwa wingi. Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini linapungua, isipokuwa katika miji mikubwa kama Roma, Milano na Torino, ambako lilipelekwa na wahamiaji. Swali la uchambuzi huu ni hili: jina lenye watu wengi namna hii, lililojikusanya pamoja namna hii, linatuambia nini juu ya udugu wa wanaolibeba? Jibu jepesi, ambalo wajukuu wa Waitalia walioko Marekani, Kanada na Argentina hupenda kulisikia, ni kwamba huo ni ukoo mmoja mkubwa wa kale. Wako hata wafanyabiashara wanaouza nembo zilizochorwa simba na taji, zenye neno Esposito chini yake. Ushahidi unaelekea upande mwingine kabisa.

Jina hili ni la Kilatini, expositus, maana yake aliyewekwa nje, na ndivyo makarani wa Kanisa na wa hospitali walivyomwandika mtoto aliyeachwa bila wazazi wake kujulikana. Kiitaliano cha kawaida kingesema esposto. Umbo la Esposito limebaki na silabi zote za Kilatini, na mkazo wake unaangukia "po", si "si" kama msomaji wa Kiswahili atakavyoelekea kulitamka mara ya kwanza. Dalili hii ni ndogo lakini ina uzito wake, kwa sababu inaonyesha kwamba jina halikuzaliwa sokoni wala kisimani kama lakabu za akina Rossi, bali lilitoka kwenye kalamu ya karani. Wahispania, ambao waliitawala Napoli kwa takriban miaka 200 tangu mwanzo wa karne ya 16, walikuwa na jina lile lile kwa watoto wa namna ile ile, Expósito, na jambo hilo litatusumbua tena tutakapofika Argentina.

Karani wa Napoli alikuwa na ofisi yake katika Casa Santa dell'Annunziata, taasisi ya kanisa na hospitali iliyoanzishwa katika karne ya 14 kwenye mtaa wa Forcella, na ambayo ilipata ufadhili wa wafalme na malkia wa mji huo. Kwenye ukuta wake wa nje palikuwa na tundu, na nyuma ya tundu palikuwa na kitu kilichoitwa gurudumu, ruota, ingawa kwa kweli kilifanana zaidi na pipa la mbao lililosimamishwa wima na kuzunguka juu ya mhimili wake. Aliyemleta mtoto alimweka ndani ya pipa kutoka barabarani, akalisukuma likazunguka, na mtoto akatokea upande wa ndani, ambako palikuwa na mwanamke wa zamu mchana na usiku. Huyo wa ndani hakumwona wa nje, wala wa nje hakumwona wa ndani. Tundu lilipimwa kwa mtoto mchanga, lakini wenyeji wa Napoli husimulia kwamba wako wazazi waliowapaka mafuta watoto wakubwa zaidi ili wapenye, na kwamba wengine waliumia humo. Gurudumu hilo bado lipo, na wageni huenda kulitazama.

Kilichofuata baada ya pipa kuzunguka ndicho chenye maana kwa mtafiti wa nasaba. Mtoto alioshwa, akabatizwa endapo haikujulikana kama amekwisha kubatizwa, kisha akaandikwa daftarini: siku na saa aliyopokewa, umri wake kwa kukadiria, hali ya mwili wake, nguo au vitambaa alivyofungwa, na kila kitu alichokutwa nacho, iwe karatasi yenye jina, medali iliyokatwa nusu, au utepe. Vitu hivyo havikuwekwa kwa bahati. Mzazi aliyebaki na nusu ya pili ya medali alikuwa anajiachia njia ya kurudi siku mambo yakimnyookea. Mstari wa daftari uliendelezwa baadaye: mtoto alikabidhiwa kwa mama gani wa kunyonyesha, katika kijiji gani, na mara nyingi mno, tarehe ya kufa. Jina la kwanza lilitoka kwa mtakatifu wa siku hiyo au kwenye karatasi aliyokutwa nayo. Jina la pili lilikuwa Esposito, kwa huyu, kwa aliyemtangulia, na kwa aliyemfuata.

Hapa yafaa tukumbuke jinsi mfumo wa majina wa Italia unavyotofautiana na ule wa watu wengi wa Afrika Mashariki. Kwetu, pale ambapo mtoto huitwa kwa jina lake likifuatiwa na la baba na la babu, alama ya kuokotwa isingeweza kudumu zaidi ya vizazi viwili vitatu, kwa sababu jina la mwisho hubadilika pamoja na kizazi. Nchini Italia jina la ukoo lilikwisha kuwa kitu cha kurithiwa, na baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, parokia zilitakiwa kuweka madaftari ya ubatizo na ya ndoa, jambo lililozidi kuyagandisha majina. Kwa hiyo neno lililomweleza mtoto mmoja kwa usiku mmoja liliwaandama wajukuu wa wajukuu zake, ambao wao walizaliwa ndani ya ndoa, nyumbani kwao, mbele ya wazazi wao wote wawili.

Ni nani walioachwa? Maelezo ya kawaida ni watoto wa nje ya ndoa, na ni kweli kwamba aibu ya mwanamke ambaye hajaolewa ilikuwa nzito kiasi cha kuzifanya familia, wakunga na mapadre wapeleke mtoto kwenye gurudumu bila hata kumsikiliza mama. Lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi. Waliokuwamo pia ni watoto wa watu waliooana, masikini wa mji uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Ulaya, wenye wakazi zaidi ya 400,000 mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka wa njaa ulijaza gurudumu, na ile njaa kubwa ya Napoli ya 1763 na 1764 ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Medali zile zilizokatwa nusu zinasema jambo hilo hilo, kwa kuwa mtu asiyekusudia kurudi hana sababu ya kutunza nusu yake. Ndiyo maana ninaona si haki kulisoma jina Esposito kama cheti cha uharamu wa mababu, ingawa watu wengi wamelisoma hivyo, na ingawa serikali zenyewe, kama tutakavyoona, zililisoma hivyo.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Katika karne ya 19 Annunziata iliweza kupokea watoto wapatao 2,000 kwa mwaka. Vifo vyao vilikuwa vya kutisha, kama ilivyokuwa katika hospitali zote kubwa za namna hiyo barani Ulaya: maziwa ya kunyonyesha hayakutosha, maradhi yaliambukizana kitanda hadi kitanda, na kwa miaka mingi wengi wa waliopokewa hawakufikisha umri wa mwaka mmoja. Karibu nusu ya waliopona walikuwa wasichana. Baadhi yao walikulia ndani ya kuta za Annunziata mpaka walipoozwa kwa mahari iliyotolewa na taasisi, nao, ingawa walibaki na jina lao, watoto wao walichukua la baba. Kwa hiyo jina lilipita kwa sehemu ndogo tu ya waliopewa, yaani wavulana waliopona, wakaoa, wakapata wana wa kiume. Imekuwaje basi jina lenye njia nyembamba hivi likawa la kwanza mjini?

Majibu yako mawili, na la kwanza ndilo zito. Jina la kawaida la ukoo huanza na mtu mmoja au wachache, kisha hatima yake inategemea bahati ya kuzaa wana wa kiume. Ndiyo maana majina mengi ya zamani ya Ulaya yamekufa bila maafa yoyote, kwa sababu tu kizazi fulani kilipata mabinti watupu. Esposito halikukabiliwa na hatari hiyo, kwa kuwa kila mwaka lilipewa waanzilishi wapya. Mlango mmoja ukikatika, milango mingine kadhaa ilikuwa imekwisha funguliwa daftarini kabla mwaka haujaisha, na hali hiyo iliendelea kizazi baada ya kizazi. Jibu la pili ni kwamba Annunziata haikuwa peke yake. Ndani ya Ufalme wa Napoli kulikuwa na magurudumu katika miji mingine pia, na makarani wa huko waliifuata desturi ya mji mkuu. Pamoja na hayo, watoto waliopelekwa kwa mama wa kunyonyesha vijijini mara nyingine walibaki huko huko, wakalelewa na familia zilizowaita wana wa Madonna, yaani wa Bikira Maria, na kuona heri kuwa naye mmoja nyumbani. Hivyo ndivyo jina lilivyotapakaa Campania.

Kutokana na hayo, akina Esposito wawili wanaokutana katika gati la Napoli hawana sababu ya kudhani kwamba mababu zao wa upande wa kiume walikuwa ndugu. Wanachoshirikiana ni kwamba kila mmoja ana babu aliyepita mikononi mwa karani. Kuwatafutia nembo moja ni sawa na kuwatafutia ukoo mmoja watu wote waliowahi kulazwa katika wodi moja.

Ukitaka kuona jinsi mkono wa karani ulivyoamua ramani ya majina, linganisha Napoli na miji mingine. Firenze ilikuwa na Ospedale degli Innocenti, jengo lililosanifiwa na Filippo Brunelleschi, ambako mtoto wa kwanza alipokewa Februari 1445 akaitwa Agata Smeralda. Jina la ukoo Innocenti la Toscana linahusishwa na nyumba hiyo. Roma ilikuwa na hospitali ya Santo Spirito, na huko, pamoja na Lazio na Umbria, ndiko Proietti lilikoenea, nalo pia ni la watoto waliotupwa. Sisilia ina Trovato, yaani aliyeokotwa, na Bologna ina Degli Esposti. Milano iliwapa wengi jina Colombo, kwa sababu njiwa, colombo kwa Kiitaliano, alikuwa alama ya hospitali yake kuu. Hata hivyo Colombo halipaswi kuwekwa kapu moja na Esposito bila tahadhari. Njiwa ni ndege wa kila mahali, wafugaji wake walikuwa wengi, na lilikuwapo pia jina la mtu binafsi Colombo. Baharia Cristoforo Colombo, aliyezaliwa Genova mwaka 1451, hahusiani kwa lolote na watoto wa Milano. Esposito, kinyume chake, halina maana ya pili ya kujifichia.

Mambo yalibadilika wakati wa Wafaransa. Joachim Murat, shemeji yake Napoleon, alitawala Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, na katika utawala wake ilikatazwa kuendelea kuwaandika watoto wa gurudumu kwa jina hilo linalowatangaza. Badala yake msajili alitakiwa kumbunia kila mtoto jina lake, na makarani, ambao walikuwa na watoto wengi kuliko mawazo, walitumia majina ya miji, ya maua, ya miezi, ya sifa njema, na mengine ambayo hayaelezeki ila kwa uchovu. Gurudumu lenyewe lilizunguka bado kwa muda mrefu, mpaka lilipofungwa mwaka 1875, na taasisi iliendelea kupokea watoto kwa njia ya ofisi.

Tarehe hizi mbili hazina budi kutenganishwa, kwa sababu husimuliwa kana kwamba ni moja. Mtoto aliyewekwa kwenye gurudumu la Napoli mwaka 1860 kwa kawaida hakuitwa Esposito. Anayeitwa Esposito leo, kwa sehemu kubwa, amelipata kutoka kwa babu aliyeandikwa kabla ya Murat, yaani zaidi ya miaka 200 iliyopita, sawa na vizazi saba au vinane. Mzazi wa mtu akimwambia kwamba babu yake mzaa baba aliokotwa ndiyo maana wanaitwa Esposito, mwanawe ana haki ya kushuku: babu huenda aliokotwa kweli, lakini jina halithibitishi.

Kuna jambo jingine la utawala huo huo linalomsaidia mtafiti. Usajili wa kiserikali wa kuzaliwa, kuoa na kufa ulianza katika Ufalme wa Napoli mwaka 1809, ukaendelea hata baada ya Wafaransa kuondoka na wafalme wa zamani wa ukoo wa Bourbon kurudi. Faili la ndoa la karne ya 19 kwa kawaida lina cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa cha bwana na cha bibi, na vyeti vya vifo vya wazazi wao, na pengine vya babu zao, endapo wazazi wamefariki. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza na ndoa ya 1850, akapata nakala ya ubatizo wa 1790, akavuka ng'ambo ya mwaka usajili ulipoanza bila kuingia parokiani. Nyaraka nyingi za aina hii zimewekwa na hifadhi za taifa za Italia kwenye tovuti yao, Antenati, na kuzisoma ni bure. Kwa mwenye jina Esposito, safari hiyo huishia kwenye mstari wenye maneno ya wazazi wasiojulikana. Kuanzia hapo kinachotafutwa si ukoo tena. Ni daftari la gurudumu, lenye kitambaa, utepe na saa ya usiku.

Kuhusu mtawanyiko wa baadaye, hatuna haja ya kukawia. Kati ya 1876 na 1915 watu wapatao milioni 14 waliondoka Italia, na kusini ilitoa wengi wao kuanzia mwisho wa karne ya 19; bandari ya Napoli ilikuwa mlango mkuu wa kwenda Marekani na Amerika Kusini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa miaka ya 1950 na 1960, wimbi jingine liliwapeleka watu wa kusini kwenye viwanda vya Torino na Milano. Akina Esposito walikwenda kama walivyokwenda majirani zao, ndiyo maana ndugu wawili wa mchezo wa hoki ya barafuni, Phil na Tony Esposito, ni watu wa Ontario, Kanada, na mwigizaji Giancarlo Esposito alizaliwa Copenhagen mwaka 1958 kwa baba Mwitalia na mama Mmarekani mweusi. Pio Esposito, mshambuliaji kijana wa Inter, anatoka Castellammare di Stabia, karibu kabisa na chimbuko.

Argentina inahitaji neno zaidi. Buenos Aires ilikuwa na nyumba yake ya watoto wa kuokotwa tangu 1779, iliyofunguliwa chini ya utawala wa Hispania, nayo ilitumia jina Expósito. Karne moja baadaye meli za kutoka Napoli zilishusha akina Esposito kwenye gati la mji huo huo. Makarani wa huko waliandika kwa masikio, wakaweka "x" au "s" walivyoona, wakaongeza alama ya mkazo. Hivyo familia ya Argentina yenye jina hilo inaweza kuwa na asili ya Campania, ya Hispania, au ya hapo hapo Buenos Aires, na tahajia ya leo haiwezi kutoa hukumu. Katika kisa cha namna hii orodha ya abiria wa meli ina thamani kuliko jina lenyewe.

Sheria ya sasa ya Italia imechukua msimamo ule ule wa enzi za Murat na kuuimarisha. Kanuni za usajili za mwaka 2000 zinakataza kumpa mtoto wa wazazi wasiojulikana jina linaloashiria asili yake, na pia zinakataza jina la ukoo lenye umaarufu wa kihistoria au la familia inayojulikana sana mahali hapo. Karani wa Napoli leo hawezi kumwandika mtoto aliyeachwa kuwa Esposito, kwa sababu ya maana yake, hata kama karibu kila ngazi ya jengo anamoishi karani huyo ina mlango wenye jina hilo.

Badiliko linaloweza kuligusa jina hili kwa nguvu zaidi lilikuja mwaka 2022, pale Mahakama ya Katiba ya Italia ilipotangaza kwamba kumpa mtoto jina la baba peke yake kama jambo la lazima ni kinyume cha katiba. Sasa mtoto huchukua majina ya wazazi wote wawili, kwa mpangilio wanaokubaliana, isipokuwa wakichagua moja. Kwa mara ya kwanza binti wa Esposito anaweza kulipitisha jina lake kwa watoto wake kwa utaratibu wa kawaida wa sheria, jambo ambalo wasichana wa Annunziata waliolipokea kwa wingi sawa na wavulana hawakuliweza, na hesabu za majina za mji wa Napoli zitaonyesha matokeo yake kadiri watoto waliozaliwa baada ya hukumu hiyo wanavyoongezeka.